Seva ya nyumbani ikichoka, anza na diski

Kompyuta kuukuu inayotunza madeni ya wateja pamoja na picha na filamu za familia ikianza kusuasua, wengi hukimbilia kununua mpya. Mara nyingi si lazima. Kutunza na kugawa mafaili hakuhitaji prosesa yenye nguvu.

Fedha zianzie kwenye diski. Diski mbili za terabaiti 4 zinazoandika kitu kilekile hutoa nafasi ya terabaiti 4 tu, lakini moja ikifa, kazi inaendelea. Hata hivyo, faili likifutwa kwa bahati mbaya, hufutika kwenye zote mbili. Hivyo nakala ya tatu iwekwe nje ya nyumba, mbali na moto na wezi.

Chenji itakayobaki inunue betri ya akiba, maana umeme ukikatika ghafla unaweza kuharibu mafaili.