Amana ya Fremu: Fedha Yako Iliyolala kwa Mwenye Nyumba

Na Mwandishi Wetu

Wiki hii tunaziacha kando bei za mchele na sukari, tuzungumzie fedha ambayo wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam hawaiandiki kwenye daftari la mtaji ingawa ni mtaji. Ni amana ya pango, ile inayotolewa siku ya kuchukua fremu na ambayo mwenye nyumba huahidi kuirudisha siku ya kuhama.

Tuchukue fremu ya Sh. 400,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, Sh. 2,400,000. Anataka na amana ya miezi miwili, Sh. 800,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja. Kabla hujaingiza hata katoni moja ya bidhaa, umetoa Sh. 3,600,000. Kodi itaisha kwa kuliwa mwezi hadi mwezi, na ya dalali imekwenda. Iliyobaki kuwa yako ni ile 800,000 tu, na kwa muda wote utakaokaa haizai senti. Ingewekwa mahali panapolipa asilimia 8 kwa mwaka ingeleta Sh. 192,000 kwa miaka mitatu, bila hata kuhesabu faida juu ya faida. Hasara hiyo tumeizoea. Kinachouma ni pale mpangaji anapokwenda kudai fedha yenyewe akakuta imegeuka rangi ya ukuta.

Kwanza tutenganishe amana na kilemba, maana wengi huvichanganya na kuishia kumdai mtu asiyehusika. Kilemba ni fedha anayolipwa mpangaji anayetoka ili amwachie mwingine nafasi, na wakati mwingine mwenye nyumba hupata fungu lake. Kilishamiri enzi za kodi zilizodhibitiwa, wakati kodi rasmi ilikuwa ndogo kuliko thamani halisi ya mahali, hasa Kariakoo na katikati ya jiji. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005 na kodi sasa ni makubaliano, lakini kilemba kimebaki sokoni. Aliyetoa kilemba asitegemee kurudishiwa na mwenye nyumba. Ataambulia kwa mpangaji atakayemfuata, kama atampata. Amana ni deni la mwenye nyumba kwako.

Ukiisoma vizuri sheria, mpangaji hana hali mbaya kama anavyofikiri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka arudishe jengo katika hali aliyolikuta, lakini inatoa msamaha kwa uchakavu wa kawaida wa matumizi, na kwa uharibifu wa moto, mafuriko au majanga mengine ambayo hayakutokana na uzembe wake. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ni uchakavu. Kadhalika bawaba iliyolegea kwa kufunguliwa kila asubuhi. Marumaru iliyopasuka kwa kuangushiwa mzigo si uchakavu, na mpangaji muungwana huilipa bila kelele.

Gumu huwa ni kuthibitisha hali uliyoikuta. Siku ya kukabidhiwa funguo kila mtu ana haraka: dalali anataka chake, mwenye nyumba anahesabu noti, nawe unawaza rafu utaziweka wapi. Hakuna anayeandika kwamba swichi mbili zilikuwa mbovu na jipsamu ya darini ina doa la maji. Siku ya kutoka, swichi zile na doa lile vyote vinakuwa vyako. Nusu saa ya kuandika orodha ya makabidhiano, ikasainiwa na pande zote na shahidi mmoja, pamoja na picha za simu zinazoonyesha tarehe, hulipa kuliko wakili utakayemtafuta baadaye. Aliyekwisha kuingia bila orodha anaweza kuiandika hata leo na kumpelekea mwenye nyumba. Ukimya wake nao ni kitu.

Mkataba nao. Wengi wanao, lakini haukulipiwa ushuru wa stempu, ambao kwa mkataba wa pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa fremu ya mfano wetu ni Sh. 48,000. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi hadi ushuru na adhabu vilipwe, na mpangaji huligundua hilo siku ameshasimama mbele ya hakimu. Mkataba utaje neno amana, kiasi chake, kwamba itarudishwa, na ndani ya siku ngapi. Ukiandika jumla tu kwamba mpangaji amelipa Sh. 3,200,000, mwenye nyumba anaweza kudai kuwa yote ilikuwa kodi. Fedha ipite benki au kwenye simu, jina la mpokeaji lionekane.

Na mpokeaji huyo ni nani? Hapa ndipo pana mtego mkubwa zaidi mjini, nasi tunaona haufikiriwi vya kutosha. Nyumba nyingi za Kariakoo, Ilala na Magomeni ni za urithi. Mtoto mmoja wa marehemu anakusanya kodi, wenzake wako Tanga, Muscat au hawaelewani. Unampa amana huyo anayekusanya. Mwaka wa pili ndugu wanamwondoa au nyumba inauzwa, na anayekuja anakuambia hakupokea chochote kutoka kwako. Ana ukweli wake. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha uliza kama kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, uone barua ya uteuzi, na saini yake iwe kwenye mkataba. Nyumba ikiuzwa ukiwa ndani, usisubiri siku ya kuhama: mwandikie mwenye zamani na mwenye mpya mara moja, uwaulize amana iko kwa nani, na upate jibu la maandishi. Anayepanga kutoka kwa mpangaji mwenzake, yule aliyechukua duka kubwa akaligawa vibanda, ajue kuwa anayemdai ni huyo mpangaji, na huyo anaweza kuhama usiku mmoja kabla yake.

Tuje kwenye kuhama kwenyewe. Mwandishi wa makala haya aliyapitia. Duka dogo la vinywaji la nyumbani kwetu lilikuwa Manzese, kwenye fremu ya kodi hiyohiyo ya 400,000, kuanzia Novemba 2021 hadi Oktoba 2024. Tulipotoa taarifa, mwenye nyumba alitupongeza kwa ustaarabu. Tulipotaja amana, alisema fedha ile ilishaingia kwenye ujenzi. Wala hakuwa anadanganya, na pengine hata hakuwa na nia mbaya. Wenye nyumba wengi hawaihesabu amana kuwa ni fedha ya mtu waliyotunza; ikifika mkononi inakwenda kununua saruji na nondo. Anayetaka kurudishiwa lazima ajue itatoka wapi, na jibu ni moja tu: kwa mpangaji anayekuja.

Ndiyo maana taarifa ya mapema ni biashara zaidi ya heshima. Kama mkataba hautaji muda wa taarifa na pango halina mwisho uliowekwa, sheria huuchukulia muda wa taarifa kuwa sawa na kipindi kinacholipiwa kodi. Sisi tulitoa taarifa ya maandishi miezi mitatu kabla, nakala kwa ofisi ya serikali ya mtaa, tukaruhusu watu waje kuiona fremu duka likiwa bado limepangwa na wateja wanaingia. Fremu yenye wateja hupata mtu upesi kuliko yenye kufuli.

Wapo wanaochukua njia ya mkato: miezi ya mwisho hawalipi, wanasema amana ijilipe yenyewe. Pale kodi inapolipwa mwezi kwa mwezi njia hiyo hufaulu, nasi hatutamhukumu anayeona hakuna namna nyingine. Lakini akumbuke mambo mawili. Kama mkataba unakataza, yeye ndiye aliyeuvunja kwanza. Na mwenye nyumba aliyekasirika huja alfajiri na kufuli lake akalifunga juu ya lako, mzigo wa milioni kadhaa ukiwa ndani. Hata kama sheria haimpi ruhusa hiyo, wiki mbili za kubishana ukiwa na mtindi na mikate ndani ni hasara isiyorudishwa na mtu. Bora kukubaliana kwa maandishi kwamba amana itahesabiwa kuwa kodi. Hapo mfanyabiashara asisahau kuwa ikishageuka kodi, ile asilimia 10 ya zuio la kodi ya mapato nayo inaihusu.

Siku ya kukagua, mwenye nyumba wetu alikuja na hesabu yake: rangi Sh. 350,000, marumaru Sh. 150,000, taa na swichi Sh. 100,000. Jumla 600,000, kwa hiyo tuondoke na 200,000. Hatukugombana. Tulitoa picha za siku ya kuingia. Rangi tuliikataa yote. Marumaru mbili zilivunjwa na friji letu wakati wa kulihamisha, hilo tulikiri. Fundi akaandika bei yake, Sh. 60,000 pamoja na kazi. Taa moja na swichi moja, Sh. 20,000. Kisha nasi tukatoa letu: kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, na mita ya fremu yetu ndiyo iliyokuwa imesajiliwa. Ni kodi ya mwenye jengo, siyo ya mpangaji. Kwa Sh. 1,000 kwa mwezi hadi Juni 2023 na Sh. 1,500 kuanzia Julai, tulikuwa tumemlipia Sh. 44,000. Hilo hakulitegemea, na tangu hapo mazungumzo yakawa ya watu wawili wenye hesabu.

Funguo tulizikabidhi kwa karatasi, tarehe na saini. Wengine hushauri kung'ang'ania ufunguo hadi ulipwe. Sisi hatukubaliani nao, kwa sababu ufunguo ukiwa kwako kodi inaweza kuendelea kuhesabiwa. Mwenye nyumba akikataa kuupokea, upeleke ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya shahidi, na barua.

Asiyelipwa baada ya hapo aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye mara nyingi anamfahamu mwenye nyumba tangu utoto. Ikishindikana, aandike barua ya madai yenye siku ya mwisho. Ugomvi ukiwa ni juu ya kukaa au kutoka kwenye fremu, mahali pake ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Fremu ikiwa imesharudishwa na kilichobaki ni fedha tu, wengi hulifungua kama deni la mkataba katika Mahakama ya Mwanzo, inayosikiliza madai ya namna hiyo hadi Sh. milioni 30, kwa Kiswahili. Muulize karani kabla ya kulipa ada, kwa kuwa shauri lililofunguliwa mahali pasipostahili hutupwa na muda hupotea. Madai ya mkataba yana miaka sita. Kadiri mtu anavyochelewa ndivyo mashahidi wanavyohama.

Majirani zetu wa Kenya wametutangulia kidogo. Tangu 2021 wana Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzia Milimani, Nairobi, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za huko, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Mfanyabiashara wetu mwenye ghala Nairobi anaweza kuitumia kudai fedha iliyoshikwa na mwenye nyumba.

Sisi hatukufika mahakamani. Mpangaji mpya, muuza simu, alilipa kodi yake ya miezi sita tarehe 9 Novemba, na jioni hiyohiyo tukapokea Sh. 400,000 kwenye simu. Sh. 364,000 zilizobaki zilikuja wiki ya pili ya Desemba, baada ya kukumbusha mara nne.