BASTOLA CHUMBANI: BABA ANAIJUA TRIGA, MAMA JE?

Mwanaume wa Kigoma akinunua pikipiki mpya, mtaa mzima utajua kabla jua halijazama upande wa Kongo. Akinunua boti na injini, Kibirizi nzima itampa hongera. Lakini akinunua bastola, mara nyingi anaiingiza nyumbani kimyakimya, anaiweka juu ya kabati chini ya mashuka, kisha anajiambia: "Mama watoto hana haja ya kujua haya mambo." Siku mama watoto anabadilisha mashuka, ndipo anapokutana nayo uso kwa uso.

Mpenzi msomaji, mwezi huu tuzungumzie kitu ambacho wanandoa wengi wanakikwepa. Naandika kama mmiliki halali, mkazi wa Ujiji, ninayeitumia bastola ya aina inayopendwa sana siku hizi, Glock 19. Nitakueleza inavyoshikika, triga yake inavyofanya kazi, inachofurahisha na inachoudhi. Nawe dada unayesema mambo ya silaha hayakuhusu, tulia hapo hapo. Wewe ndiye hasa ninayetaka asome.

KWA NINI WATU WA HUKU WANAITAKA?

Ujiji ilizoea mlio wa bunduki tangu enzi za misafara. Watu waliotembea kutoka Unyanyembe walikuwa wakifyatua bunduki hewani wanapoukaribia mji, kama kupiga hodi. Hata Stanley alipoingia hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, watu wake walifanya hivyo hivyo.

Mambo yalibadilika. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993 na vya Kongo vilivyoanza mwaka 1996 vilileta wakimbizi wengi mkoani kwetu, na nyuma yao zikaja silaha zisizo na karatasi. Wavuvi wameporwa injini ziwani usiku. Abiria wa njia za Kasulu na Kibondo wanakumbuka miaka ya mabasi kusindikizwa na polisi wenye bunduki. Sasa mtu anauza dagaa na mawese, anashika fedha taslimu, benki imeshafungwa, ana usiku mzima mbele yake. Akiota bastola, simshangai.

Ila kuna njia moja tu ya kuipata: ya karatasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inataka leseni, na leseni ni ya mtu, siyo ya familia. Ya magendo kutoka ng'ambo ya ziwa inakupeleka gerezani hata kama hujawahi kuifyatua.

HAINA NYUNDO, HAINA KITUFE

Bastola nyingi za zamani, kama Browning Hi-Power au Makarov ya Kirusi, zina nyundo ndogo kwa nyuma unayoiona kwa macho, na kitufe cha usalama unachokisukuma kwa kidole gumba. Hata asiyejua silaha akiona nyundo imekaa nyuma, roho inamdunda. Anajua hapa pana jambo.

Glock haina hayo. Ilibuniwa na Gaston Glock wa Austria, aliyefariki Desemba 2023, na jeshi la nchi yake liliichukua Glock 17 mwaka 1982. Hii 19 ni mdogo wake, ilitoka mwaka 1988 na inabeba risasi 15 za milimita 9 kwenye magazini. Ndani yake kuna sindano inayosukumwa na springi. Ukikoki, springi inavutwa sehemu tu. Ukibana triga, inamaliziwa kuvutwa, sindano inaachiwa, inaigonga risasi. Basi. Kampuni nyingi zimefuata mtindo huo wa sindano, kila moja kwa namna yake.

TRIGA YENYEWE IKOJE?

Ukiweka kidole, kwanza unakutana na ulegevu. Triga inarudi nyuma kidogo bila ubishi. Halafu inagota mahali, kama umefika ukutani. Ukiendelea kubana taratibu, ukuta unaachia na risasi inaondoka. Ukilegeza kidole kidogo tu, unasikia "tik" na kuihisi kidoleni. Tayari imejipanga kwa risasi nyingine, huna haja ya kuachia triga hadi mwisho.

Uzito wa kuibana ni kama kilo mbili na nusu. Ninachokipenda ni kwamba uzito huo haubadiliki. Makarov inaweza kukutaka ubane kwa nguvu risasi ya kwanza, kisha zinazofuata zikawa nyepesi, na mkono unachanganyikiwa. Hii ni ile ile tangu ya kwanza hadi ya 15, kwa hiyo ukijifunza kuibana mara moja umejifunza zote.

Lawama nazo zipo. Aliyezoea triga safi ya bastola ya mashindano ataiona hii kama anabana sponji. Mwanafunzi mwenye haraka huivuta kwa kidole kizima, mtutu unainama, risasi inatua chini ya alama. Dawa yake ni nyama ya ncha ya kidole na subira, siyo kuipeleka kwa fundi wa mtaani akulainishie springi. Triga iliyochokonolewa ni hatari kwako kuliko kwa mwizi.

Katikati ya triga kuna kilimi kidogo. Bila kukibonyeza hicho, triga haiendi. Ndani kuna vizuizi vingine viwili, kimoja cha kuzuia sindano na kingine cha kuilinda bastola isifyatuke ikianguka. Usifikiri bastola zote za sindano ni sawa kwa hili. Mwaka 2017 Sig Sauer ilijitolea kuwabadilishia wateja triga za P320 baada ya majaribio kuonyesha kuwa ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka.

Sasa sikiliza vizuri. Kilimi kile hakijui kinabonyezwa na nani. Kidole chako, kidole cha mtoto wa miaka minne, ncha ya shati iliyoingia kwenye ala wakati unairudisha kiunoni, funguo zilizokaa nayo kwenye mkoba: kwake vyote ni kidole. Ndiyo maana polisi wa New York walipoanza kuzitumia miaka ya 1990 waliwekewa springi ngumu, triga ikafika kilo tano na zaidi. Walilijua tatizo. Lakini triga ngumu nayo inayumbisha shabaha, kwa hiyo hakuna cha bure hapo.

MKONONI NA KIUNONI

Ikiwa tupu ina uzito wa gramu 600 hivi. Ikijaa inakaribia 850. Kiunoni chini ya shati haikuchoshi. Mtutu umekaa karibu na mkono, kwa hiyo ikipiga hairuki sana juu. Mpini ni wa plastiki ngumu wenye vikwaruzo, na joto letu la Oktoba likikutoa jasho haitelezi. Kwa mkono mdogo mpini unaweza kuwa mnene. Matoleo ya Gen4 na kuendelea yanakuruhusu kubadilisha mgongo wa mpini ukaendana na kiganja.

Ukiishika kwa ulegevu, kifundo kikakunjika ikipiga, ganda linaweza kukwama na bastola ikasimama. Watu wanailaumu silaha, kumbe ni kifundo. Ishike kwa mikono miwili, viwiko viwe imara.

Plastiki haishiki kutu, ila mtutu, springi na lile bati la juu la chuma vinahitaji kusafishwa na kupakwa mafuta ya silaha, kidogo tu. Siyo mawese, jamani! Mafuta ya kula yanaganda, yanakusanya vumbi letu jekundu, na siku ya shida bastola inagoma.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hiki: ili uifungue kuisafisha, lazima ubane triga kwanza. Mtu amechoka, amekaa sebuleni, amechomoa magazini, anaamini bastola ni tupu. Kumbe risasi moja imebaki kwenye chemba. Kuchomoa magazini hakuitoi hiyo. Rudia nami: hakuitoi. Lazima uvute bati la juu mpaka nyuma, risasi idondoke, kisha uchungulie kwa macho na upapase kwa kidole. Tena uifanye kazi hiyo mtutu ukiwa umeelekea mahali ambapo hata ikikosewa haitampata mtu.

HASIRA NDIYO TRIGA YA PILI

Jirani zetu wa Tabora hawajasahau Novemba 2006. Aliyekuwa Mkuu wao wa Mkoa, marehemu Ditopile Mzuzuri, alikuwa Dar es Salaam. Ukazuka ugomvi wa magari barabarani, na dereva wa daladala akafa kwa risasi ya bastola yake. Alishtakiwa kwa mauaji, baadaye shtaka likawa la kuua bila kukusudia. Alifariki mwaka 2008 kesi ikiwa haijamalizika. Haikuwa vita, haukuwa ujambazi. Magari yaligongana, bastola ikawa karibu na hasira.

Oktoba 2013, Kibamba, Dar es Salaam, ugomvi wa wachumba uliishia kwa mama wa binti kuuawa kwa risasi, binti mwenyewe kujeruhiwa vibaya, na mwanaume kujiua. Hapo napo hakuvamia jambazi. Aliyekuwa na bastola alikuwa mchumba.

Ndiyo maana nasema triga ya kilo mbili na nusu ni habari ya mapenzi pia. Kofi linauma, kesho mtaombana radhi. Sahani ikivunjika, mtanunua nyingine Mwanga sokoni. Lakini kidole kikienda nyuma sentimita moja na kitu, hakuna mshenga wala shangazi atakayesuluhisha.

Kaka yangu, kama ukinywa unakuwa mtu mwingine, bastola siyo yako. Kama umewahi kumwinulia mkeo mkono, siyo yako. Kama biashara imeanguka na usiku unawaza mambo ya giza, mwambie mtu wa karibu, na silaha ipeleke kituo cha polisi. Wala siyo aibu. Ni uanaume huo.

Na wewe dada, mwanaume anayeweka bastola mezani wakati mnabishana, hata kama hakugusa triga, hata kama anasema anatania, ameshakutishia. Usisubiri aieleze. Ondoka na watoto, waeleze wazazi au mwenyekiti wa mtaa, na polisi wajulishwe. Leseni yake ilitolewa kwa kuaminiwa, na inaweza kuondolewa.

YA KUKUBALIANA KABLA HAIJAVUKA KIZINGITI

Kwanza, mke ajue ipo. Fomu ya leseni isiende kwa wakubwa wakati mwenzako hajaambiwa. Akisema hataki, msikilize sababu zake. Huenda anakujua kuliko unavyojijua.

Pili, ikae ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani au sakafuni. Chini ya mto, juu ya kabati la nguo na ndani ya ndoo ya mchele ni mahali ambapo watoto wanapajua kabla yenu. Risasi nazo zikae mbali na bastola, na ufunguo usining'inie msumarini.

Tatu, mke ajue kuitambua ikiwa salama. Sisemi aibebe, maana leseni haina jina lake. Mume aitoe risasi mbele yake, amwonyeshe magazini imetoka na chemba iko wazi. Akiifahamu hivyo, siku akiikuta mezani hataiinua "kuangalia tu". Atawatoa watoto chumbani, atafunga mlango na kumwita mwenyewe.

Nne, ikiwa kiunoni ikae ndani ya ala ngumu inayoifunika triga yote. Ala ya kitambaa laini inajikunja na kuingia kwenye triga. Na unapoirudisha, angalia kwa macho, inua shati, nenda taratibu. Hakuna anayekupa zawadi kwa kuirudisha haraka.

Tano, kidole kikae nje ya triga, kimelala ubavuni, mpaka umeamua kufyatua. Bastola hii haina kitufe cha kukusamehe. Usalama wake mkubwa ni kidole chako kukaa pembeni.

Sita, mwekeane ahadi: siku ya ugomvi mkubwa au ya pombe, kabati halifunguliwi. Mume akiwa mkweli, atakubali ufunguo wa siku hiyo ukae mahali ambapo hawezi kuufikia kwa haraka.

Ukiniuliza kama naipenda bastola yangu, nitasema ndiyo. Ni nyepesi, haigomi ovyo, triga yake naielewa. Lakini nisingemshauri mwanaume yeyote wa Gungu, Katonga au Bangwe ainunue kama hawezi kukaa kitandani na mkewe akamweleza yote haya bila kupandisha sauti. Akishindwa mazungumzo hayo, atanunua taa kali za nje, mlango wa chuma na mbwa wawili, na atalala vizuri tu.

Basi leo baada ya chakula cha usiku, watoto wakilala, muulizane: hapa kwetu kuna nini kabatini, na ufunguo uko wapi? Tukutane toleo lijalo, wapendwa.