Biashara United isiende mbali, majembe yapo Tarime na Serengeti

HAPA kwetu hakuna utaratibu kama ule wa ligi ya NFL ya Marekani, ambako timu iliyovurunda msimu uliopita inapewa nafasi ya mwanzo kuchagua chipukizi. Bongo ukishuka daraja hakuna anayekuonea huruma. Wachezaji wako wazuri wanabebwa, kisha unaingia sokoni mfuko ukiwa mwepesi.

Ndipo ilipofika Biashara United ya Musoma, 'Wanajeshi wa Mpakani', iliyoshuka Ligi Kuu msimu wa 2021/22 pamoja na Mbeya Kwanza. Dirisha kubwa la usajili likifunguliwa, kuanzia Sirari hadi Mugumu swali la vijiweni ni moja: safari hii anasajiliwa nani?

Timu hii sio ya kubeza. Ilipanda Ligi Kuu 2018, na msimu wa 2020/21 ikamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Oktoba 2021 iliichapa Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 kwa Mkapa, lakini ikashindwa kusafiri kwenda kwenye marudiano na safari ikaishia hapo. Dirisha dogo lililofuata, winga Denis Nkane akatua Yanga.

Baada ya kushuka ilikwenda Championship, ligi ya timu 16 ambayo mbili za juu zinapanda moja kwa moja, huku ya tatu na ya nne zikisubiri mchujo. Ligi hiyo ina safari ndefu za basi, viwanja vigumu na mapato kiduchu ya mlangoni. Kwa hesabu hizo, kuleta mastaa kutoka Dar es Salaam waliozoea mishahara ya Ligi Kuu ni kujitafutia madeni. Kijana wa nyumbani ana nafuu, na ana sababu ya kupambana.

BEKI NA KIPA
Usajili wa kwanza unaotabirika ni beki wa kati, na macho yataelekea Tarime. Ndondo za Nyamongo, Sirari na Tarime mjini zinachezwa kwa nguvu, na anayetoboa huko haogopi mpira wa juu. Ila kuna mtego. Mawakala wengi wakifika Tarime wanatafuta miili tu, wanaamini kijana wa Kikurya kazi yake ni kukaba. Matokeo yake viungo wenye akili wanaachwa wakizeeka kwenye mechi za kugombea ng'ombe.

Kipa naye anatakiwa. Hapo klabu ikisajili mzoefu wa Ligi Kuu itakuwa sahihi, halafu kijana wa Mara akae nyuma yake ajifunze.

WINGA NA STRAIKA
Kwa winga, jicho liende Serengeti. Timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 inaitwa Serengeti Boys, lakini mtoto wa Mugumu, Nata au Issenye njia yake ya kuonekana ni UMISSETA na ligi ya wilaya. Akikosa hapo, amekosa. Biashara ikipeleka watu wake kwenye mashindano hayo itapata mbio za bei rahisi.

Straika ndio mtihani. Mfungaji wa uhakika haokotwi, na fedha kidogo iliyopo ingetumika hapo.

VIKWAZO
Mpinzani mkubwa wa Biashara kwa vijana hawa ni ajira. Timu za majeshi zina kitu ambacho mkataba wa mwaka mmoja hauna, nacho ni uwezekano wa kazi baada ya mpira. Mzazi wa Tarime akiulizwa achague, jibu linajulikana.

Kikwazo cha pili ni mpaka. Kuna vijana wanaovuka kwenda kucheza Isebania na Migori. Aliyesajiliwa Kenya hawezi kurudi kienyeji, lazima ipatikane hati ya uhamisho wa kimataifa, ITC. Klabu ikizubaa, dirisha linafungwa.

La tatu linawaumiza wa chini kabisa. Kanuni za FIFA zinataka mchezaji akiuzwa nje ya nchi akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Timu ya kijijini isiyomsajili rasmi haina cha kudai, hata kama ndiyo iliyomnunulia viatu vya kwanza.

UTABIRI
Hesabu zikienda sawa, orodha iwe hivi: kipa mzoefu na straika kutoka nje ya mkoa, mabeki wawili na kiungo mmoja wa Tarime, na winga wawili wa Serengeti. Kikosi hicho hakitajaza kurasa za mbele za magazeti, ila kinalipika hadi mechi ya mwisho, na kwenye Championship timu nyingi huangushwa na njaa kabla ya kufungwa na mpinzani.

Biashara ikiwapuuza vijana hao, wasishangae msimu ujao kuwaona Uwanja wa Karume wamevaa jezi za wageni.