Panki ya Kenya na Kumbukumbu ya Mateso: Kutoka Hola hadi Nyayo House

Kaunti ya Tana River imeingia katika historia ya Kenya kwa njia mbili ambazo ni nadra kutajwa pamoja. Ya kwanza ni wimbo wa taifa, ambao lahani yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, uliotolewa na Mzee Meza Morowa Galana na kufanyiwa kazi mwaka 1963 na jopo la wanamuziki watano, miongoni mwao Graham Hyslop, Thomas Kalume na George Senoga-Zake. Ya pili ni kambi ya Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 serikali ya kikoloni iliwaua kwa kipigo watu 11 waliokuwa kizuizini kwa tuhuma za Mau Mau. Wimbo unaweza kuitukuza dola, na unaweza pia kuisaili. Kazi hii ya pili ndiyo iliyoshikwa na bendi ya Crystal Axis ya Nairobi, inayopiga muziki wa panki, na ndiyo inayoifanya historia yake iwahusu hata wakazi wa mji wa Garsen katika kaunti hiyo, ambao huenda hawajawahi kuusikia muziki huo.

Panki, neno ambalo Waswahili wengi wamelizoea kwa mtindo wa kunyoa nywele, ni tawi la muziki wa roki lililochipuka New York na London katikati ya miaka ya 1970. Nyimbo zake ni fupi, gitaa zake ni za umeme na hupigwa kwa sauti ya kukwaruza, ngoma zake huenda mbio, na mwimbaji hupaza sauti badala ya kuiremba. Ufundi mwingi hauhitajiki, wala pesa nyingi, na kwa sababu hiyo vijana wasio na ajira waliweza kuunda bendi, kurekodi wenyewe na kusema waliyotaka bila kungoja ruhusa ya kampuni. Mwaka 1977 bendi ya Sex Pistols ilitoa wimbo ulioazima jina la wimbo wa taifa wa Uingereza, uleule uliokuwa ukipigwa Kenya hadi usiku wa Uhuru, nayo BBC ikakataa kuurusha hewani. Barani Afrika, bendi ya National Wake iliundwa Johannesburg mwaka 1979 na vijana weusi na weupe, wakati sheria za ubaguzi wa rangi zilikuwa zikiwatenganisha watu katika makazi, shule na starehe, hivi kwamba kule kusimama kwao pamoja jukwaani kulikuwa tayari ni kauli ya kisiasa.

Crystal Axis ilianzishwa na vijana wa Nairobi waliokuwa bado katika umri wa kwenda shule, na ilipokomaa ikauelekeza muziki wake kwenye historia. Wimbo wao "Leopold" unamhusu Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo kama mali yake binafsi kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, akiwalazimisha wenyeji kukusanya mpira huku wengi wakikatwa mikono na kuuawa. Wimbo mwingine, "Nyayo House", unalihusu jengo la serikali lililo katikati ya Nairobi, ambalo wananchi hulijua kama mahali pa kushughulikia pasipoti. Katika miaka ya 1980, chini ya utawala wa Rais Daniel arap Moi, watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, vuguvugu la siri lililoipinga serikali, walifungiwa katika vyumba vya giza chini ya jengo hilo, wakamwagiwa maji hadi sakafu ikajaa, wakanyimwa chakula, kisha wakapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa na kupigwa. Vyumba hivyo vilifunguliwa umma uvione mwaka 2003, na mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru watu 21 walioteswa humo walipwe fidia.

Bendi hiyo haikuanza kutoka patupu, kwa kuwa Kenya ina ukoo mrefu wa wanamuziki waliosema. Joseph Kamaru aliimba kuhusu mauaji ya mwanasiasa J. M. Kariuki ya mwaka 1975, na kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilieleza kwa rap maisha ya mitaa iliyosahauliwa. Ukoo huo umeendelea: Martin Khanja, anayejulikana kama Lord Spikeheart na aliyekuwa mmoja wa wawili wa kundi la Duma, alitoa mwaka 2024 albamu ya "The Adept", yenye muziki mzito wa kelele na mayowe, kwa heshima ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, aliyekuwa jemadari wa Mau Mau.

Hapo ndipo kumbukumbu ya panki inapokutana na Hola. Asubuhi ile ya mwaka 1959, wanaume wapatao 85 walitolewa kambini wakapelekwa kuchimba mfereji wa kumwagilia mashamba, kwa mpango wa ofisa wa magereza John Cowan ulioelekeza kwamba wanaokataa kazi walazimishwe kwa nguvu. Askari waliwashambulia kwa marungu. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya gari la maji, lakini uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kipigo. Bunge la Uingereza liliujadili mkasa huo mwezi Julai, ila hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa mauaji hayo. Ilipofika mwaka 2013 ndipo Uingereza ilipokubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa enzi hizo jumla ya pauni milioni 19.9.

Hola na Nyayo House zinafanana kwa jambo moja zito: serikali iliumiza watu mahali pasipoonekana, kisha ikatoa maelezo yake yenyewe. Wimbo hautoi hukumu wala fidia, lakini hulizuia lile gari la maji lisiwe neno la mwisho, kwa kuwa ripoti hufungiwa kabatini ilhali wimbo huimbwa na mtu asiyejua hata ripoti iko wapi. Nguvu hiyo inahitajika sana katika delta ya Tana, ambako mapigano kati ya Wapokomo na Waorma ya mwaka 2012 na 2013 yaliua watu zaidi ya 100, na ambako nyimbo zinaweza ama kuchochea kisasi ama kudai ukweli na uwajibikaji kwa ajili ya wafiwa wa pande zote. Panki inawaonyesha vijana kwamba vyombo vichache na ujasiri vinatosha kuanzia. Historia ya Hola na ya delta inastahili kutungiwa nyimbo na vijana wa Hola, Ngao na Garsen wenyewe, kwa Kipokomo, Kiorma na Kiswahili, nyimbo zinazotaja tarehe, mahali na aliyetoa amri.