Diski Ngumu, Diski Mango: Jina na Uamuzi wa Mnunuzi

Zipo istilahi ambazo kosa lake huishia kwenye karatasi, na zipo ambazo kosa lake hulipiwa fedha. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuonyeshwa orodha ya ununuzi ya ofisi moja, ambamo iliandikwa "diski ngumu, gigabaiti 500". Aliyeagiza alikusudia chombo cha kisasa cha kuhifadhia data, kisicho na kitu kinachozunguka ndani yake. Muuzaji akaleta kompyuta zenye diski za sahani. Hatuwezi kumlaumu muuzaji, kwani maneno yalimruhusu.

Yafaa kwanza tuvitazame vitu vyenyewe. Diski ngumu ni sahani zilizopakwa utando wa sumaku, zizungukazo aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku mkono wenye kichwa cha kusomea ukipita juu yake mithili ya mkono wa gramafoni, ila kichwa hicho hakiigusi sahani. Asili yake ni mashine ya kampuni ya IBM ya mwaka 1956, iliyokuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, nazo zote pamoja zilihifadhi herufi zipatazo milioni 5 tu. Sifa ya ugumu ilikuja kuitofautisha na diski laini, ambayo ilikuwa ya plastiki yenye kupindika. Kwa kitu hicho, basi, jina ni sahihi.

Chombo kipya hakina sahani wala mkono. Ni mkusanyiko wa chipu za kumbukumbu za aina iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980, ambamo chaji za umeme hunaswa katika vyumba vidogo mno vya silikoni na kubakia humo hata mashine ikizimwa. Wako wafasiri wanaokiita "diski mango". Neno mango limezoeleka katika vitabu vya sayansi kwa maana ya maada isiyo kimiminika wala gesi, na kwa hakika ndiyo maana iliyokusudiwa na mafundi: walitaka kutofautisha transista, ambamo umeme hupita katika kitu mango, na valvu za zamani, ambamo umeme ulipita katika ombwe. Lakini karani hana habari za valvu. Kwake yeye mango ni kitu kigumu (na huko pwani ni lile jiwe gumu la mviringo la kusagia), hivyo diski mango na diski ngumu atazidhania kuwa kitu kimoja. Isitoshe, diski yenyewe haimo!

Tungeweza kusema "hifadhi tuli", lakini neno tuli limekwisha kushikwa na walimu wa fizikia katika umemetuli. Sisi twapendelea "hifadhi ya chipu". Atakayepinga kuwa hata flashi ni hifadhi ya chipu, ana haki. Aongeze "ya ndani", yatosha.

Je, chombo hicho kinastahili gharama yake? Katika kompyuta mpya jibu letu ni ndiyo, hasa kwa sehemu inayobeba mfumo na programu. Sahani izungukayo mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8 na ushei, kwa hiyo kichwa husubiri wastani wa milisekunde 4, mbali na muda wa mkono kusogea. Chipu hujibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au chini yake. Kompyuta inapowashwa husoma mafaili madogo maelfu kwa maelfu, nako ndiko tofauti huonekana. Tena kompyuta ya mkononi inayotikiswa garini ikiwa inafanya kazi haina kichwa cha kugonga sahani.

Hata hivyo, kwa kila gigabaiti chipu ni ghali zaidi. Vyumba vyake huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi, ingawa kazi ya kawaida ya ofisi haifikishi huko upesi. Jambo la kuhofia zaidi ni kwamba huweza kufa ghafla bila kelele ya kuonya, na faili lililofutwa humo aghalabu halirudishiki. Wala si busara kuiweka kabatini miaka mingi bila umeme na kuitumaini kama jalada. Kwa masjala yenye picha na nyaraka nyingi, diski ya sahani bado ina nafasi yake.

Orodha ile ingeandikwa hivi: "Hifadhi ya chipu ya ndani, gigabaiti 256, kwa mfumo na programu, diski ngumu ya sahani, terabaiti 2, kwa nakala za akiba."