Chumvi Haigandishi Aiskrimu

"Nitie chumvi kiasi gani ili igande?"

Swali hili limenifika kutoka Mtongwe, Mishomoroni na Chaani kwa maneno yale yale, na nikishalijibu huja jingine nyuma yake: "Nimeongeza kijiko, mbona bado ni uji?" Wengi wanaouliza ni kina mama ambao kwa miaka wameuza barafu za pakiti nyumbani, za ukwaju na za ubuyu, na sasa wanataka kupanda daraja wauze aiskrimu ya karameli yenye chumvi kwenye vikombe. Wazo ni zuri. Wateja wapo, friji ipo, na mkono wa kupika upo. Kinachowaangusha ni imani moja: kwamba chumvi iliyotajwa katika jina la aiskrimu hiyo imewekwa ili kuigandisha. Kwa hiyo isipoganda wanaongeza. Ikikataa tena, wanaongeza tena.

Nimejibu kwa ufupi mara nyingi na haikusaidia, basi leo nijibu kwa urefu. Chumvi ikitiwa ndani ya maziwa haigandishi. Inazuia kuganda. Kila kijiko unachoongeza kinazidi kukutenga na aiskrimu uliyoitaka.

Imani hii ina chimbuko la kweli, ila limeshikwa nusu. Mwaka 1843 Nancy Johnson wa Philadelphia, Marekani, alipewa hataza ya chombo cha kutengenezea aiskrimu kwa mkono: mkebe wa maziwa unakaa ndani, ndoo iko nje, na kati ya viwili hivyo inajazwa barafu iliyovunjwa pamoja na chumvi. Wapishi wa kulfi Bara Hindi wamefanya vivyo hivyo, vikebe vikifungwa midomo na kuzikwa kwenye barafu yenye chumvi. Siku hizi kuna video zinazozunguka simuni, mtoto anatikisa mfuko mdogo wa maziwa ndani ya mfuko mkubwa wa barafu na chumvi. Watu wakaona chumvi, wakaona aiskrimu imeganda, wakaunganisha. Hawakutazama chumvi ilikuwa wapi. Kote huko ilikuwa nje, na ingepenya ndani ingeiharibu kazi.

Chumvi haina baridi yake yenyewe. Itie mkononi: ina joto lile lile la jikoni kwako. Inachofanya ni kuyazuia maji yasigande. Ikikutana na barafu, inailazimisha iyeyuke hata pale ambapo baridi ingetosha kuiacha ikiwa barafu. Na barafu haiyeyuki bila kula joto: kila kilo moja inahitaji kilojuli 334. Joto hilo inalichukua kwa kilicho karibu nayo, yaani mkebe na maziwa yaliyomo. Ukichanganya sehemu 3 za barafu na 1 ya chumvi kwa uzani, maji yale ya chumvi yanaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, ingawa kwa joto letu la Pwani ukifika 10 au 15 chini ya sifuri umefanya vizuri sana. Angalia basi mambo yalivyokwenda: barafu iliyeyuka, na kwa kuyeyuka kwake maziwa yakapoa. Chumvi ilileta baridi kwa kuyeyusha.

Sasa ichukue chumvi hiyo uitie ndani ya maziwa. Humo hamna barafu ya kuyeyusha, wala hamna joto linaloibwa popote. Inabaki na ile kazi yake moja, kuyazuia maji yasigande, na maji inayoyazuia sasa ni yale unayotaka yagande.

Inazuia kwa kiasi gani? Chukua lita moja ya mchanganyiko wenye gramu 200 za sukari. Sukari pia hushusha kiwango cha kuganda, ndiyo maana aiskrimu huchoteka kwa kijiko na kipande cha barafu hakichoteki. Lakini molekuli ya sukari ni nzito karibu mara 6 kuliko ya chumvi, na chumvi ikiyeyuka hugawanyika mara mbili, sodiamu huku na kloridi kule. Gramu kwa gramu, chumvi ina nguvu karibu mara 12 ya sukari katika kuzuia maji yasigande. Kijiko kikubwa kimoja cha chumvi laini, gramu 18 hivi, kinafanya kazi sawa na sukari yote iliyomo kwenye sufuria. Dada anayeniambia ameongeza kijiko ili isaidie ni kama aliyetia sukari maradufu, tofauti ni kwamba hii hainyweki.

Hapo friji nayo ina neno. Tazama kwenye mlango wa kile kisanduku cha kugandishia, utakuta nyota. Nyota moja maana yake nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18. Friji nyingi ndogo za mlango mmoja zina nyota moja au mbili, na mchana wa Januari Kisauni, mlango ukifunguliwa na watoto kila dakika, hata hizo hazifiki. Kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri, mchanganyiko uliopimwa sawasawa huganda zaidi kidogo ya nusu ya maji yake. Uliotiwa kijiko kikubwa cha chumvi huganda theluthi moja hivi. Yaliyobaki ni maji ya sukari na chumvi, hayatagandia humo leo wala kesho. Ndio huo uji mnaoniuliza.

Wapo wanaonijibu: "Mimi nilitia na ikaganda vizuri." Sawa, una friza la nyota tatu au zaidi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri baridi ni kali kiasi kwamba hata mchanganyiko ulioharibiwa hushika. Friza limekubeba, sifa ukaipa chumvi. Mwenzako akafuata maelezo yako kwa friji yake ya nyota moja, akamwaga malai ya pesa nyingi. Hili ndilo linalonikera. Anayeshauri hapati hasara yoyote, anayefuata ndiye anayelipa, na kwa anayeuza vikombe dirishani hasara hiyo ni faida ya siku kadhaa.

Asiyeniamini na ajaribu mwenyewe. Tia maji vikombe viwili sawa, kimoja kikoroge na kijiko kikubwa cha chumvi, viweke friza pamoja jioni, uviangalie kila baada ya saa moja. Kitakachotangulia kuganda ni kile kisicho na chumvi. Kwenye friji dhaifu, kile kingine asubuhi utakikuta bado kinatikisika. Maji ya bahari pale kivukoni Likoni yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila kilo, na hayaanzi kuganda mpaka karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Hakuna haja ya maabara.

Kuna na wanaonipa udhuru wa pili, kwamba kosa ni chumvi ya pakiti, ingetumiwa ya mawe ya Gongoni au Ngomeni ingeganda. Chumvi ya mashamba yale ya Kilifi ni maji ya bahari yaliyokaushwa na jua, nayo ni sodiamu kloridi kama ya pakiti. Madini ya joto yanayoongezwa kwenye pakiti ni kidogo mno kubadili lolote katika kuganda. Ile ya mawe ni nzuri kwa kazi ya nje ya mkebe, kwa kuwa ni rahisi na huyeyuka polepole. Ndani ya maziwa itazuia kuganda vile vile.

Na kabla hatujaondoka hapo, afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa chakula chote. Lita ya aiskrimu yenye gramu 18, ukiigawa kwa vikombe sita, kila kikombe kina gramu 3. Wateja wako ni watoto wanaotoka chuoni na shuleni, na wazee ambao wengi wao wanameza dawa ya presha. Hakuna ladha inayohalalisha hilo.

Basi chumvi imewekwa kwa ajili gani? Kwa ulimi. Karameli iliyoiva vizuri ina uchungu, na sodiamu huuficha uchungu, hivyo utamu na harufu hutokeza. Breslin na Beauchamp walionyesha jambo hili katika jarida la Nature mwaka 1997. Sisi twalijua bila jarida, maana embe bichi la kivukoni haliliwi bila chumvi na pilipili. Karameli yenye chumvi tunayoiona leo kila mahali ilipata umaarufu kutoka Quiberon, kule Bretagne, Ufaransa, ambako Henri Le Roux mwaka 1977 alitengeneza peremende za karameli kwa siagi yenye chumvi ya kwao. Alitumia siagi ya jirani zake, na hakuwa anagandisha chochote.

Haya, tupike. Kwa lita moja: maziwa freshi nusu lita, malai mililita 300, sukari gramu 200, viini vya mayai 4, maziwa ya unga vijiko vikubwa 3, chumvi laini gramu 5, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Soma pakiti ya malai: iwe ya maziwa, mafuta asilimia 35 hivi. Ile krimu ya mafuta ya mimea ya kupambia keki ni kitu kingine.

Sukari iunguze kavu kwenye sufuria pana nyeupe, usitumie nyeusi kwa kuwa hutaiona rangi. Aliyezoea kupika kashata za njugu hana haja ya kufundishwa hapa, ila aende mbele kidogo kuliko kashata, mpaka rangi ya shaba na moshi wa kwanza. Ikiwa nyeusi imekwisha, anza upya. Epua. Mimina malai yaliyopashwa moto, kidogo kidogo, mkono mbali, kwa sababu yatafoka na mvuke wake unaunguza kuliko maji ya moto. Malai ya baridi yatafoka zaidi na kuifanya sukari ishikane mabonge. Tia chumvi, koroga, onja ikishapoa. Kumbuka baridi itapunguza utamu.

Pasha maziwa na maziwa ya unga, yamimine juu ya viini huku unapiga, rudisha moto mdogo mpaka nyuzi 82. Huna kipimajoto? Chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake, mstari ukibaki imetosha. Asiyetaka mayai atumie konflawa vijiko vikubwa 2, ichemke kabisa. Changanya na karameli, poza haraka kwa kuiweka sufuria kwenye beseni la maji ya barafu, lala nayo kwenye friji.

Kugandisha, chagua kwa friji yako. Nyota tatu: trei pana ya bati, toa kila nusu saa uipige kwa uma, fanya hivyo saa tatu au nne, kisha funika vizuri. Karameli hubaki laini kuliko vanila hata ikifanywa sawa, kwa sababu sukari ikiungua huvunjika kuwa sukari ndogo ndogo. Hiyo si kasoro. Nyota mbili: piga malai baridi nusu lita mpaka ishike, changanya na kopo moja la maziwa mazito matamu na nusu kikombe cha karameli yako, gandisha usiku kucha bila kukoroga. Karameli uitengeneze mwenyewe. Usiipate kwa kuchemsha kopo la maziwa hayo likiwa limefungwa, maji yakikauka hulipuka. Nyota moja, au stima isiyoaminika: nunua barafu kilo 3, ivunje, chumvi ya mawe kilo 1, ndoo, na mkebe wa chuma wenye kifuniko kisichopitisha kitu. Funika ndoo kwa gunia, zungusha mkebe, kila baada ya dakika chache fungua ukwangue pembeni. Nusu saa au zaidi kidogo inashika. Futa mdomo wa mkebe kila unapofungua. Asiyetumia malai atie tui zito la kwanza kipimo hicho hicho, ila mafuta ya nazi hukaza sana kwenye baridi kali, aitoe nje dakika 10 kabla ya kuichota.

Stima ikipotea usifungue friza kuchungulia, kwani kila ukifungua unaingiza joto. Ikirudi ukakuta aiskrimu imeyeyuka, usiigandishe tena kwa ajili ya kuuza. Itatoka na mawe ya barafu mdomoni, na wadudu waliozaliana kwenye maziwa yale hawafi kwa baridi, hulala tu wakisubiri joto. Ikiwa bado ni baridi kabisa, igawe inywewe nyumbani saa hiyo hiyo. Ikiwa imeshika joto, imwage.