Kabla ya kulipa kodi, upime mtaa kwanza

Kila mwaka maelfu ya watu huhamia Nairobi. Wengine wamepata kazi, wengine wamejiunga na vyuo na wengine wamewafuata waume au wake zao. Mtu anapotafuta nyumba, jambo la kwanza analotaka kujua kuhusu mtaa ni kama una wezi. Hilo ni swali la maana, kwani hakuna apendaye kuvamiwa akitoka kazini. Lakini sisi madaktari tunajua kwamba mwizi si hatari ya pekee inayomngoja mgeni mjini. Wengi wa wagonjwa tunaowatibu wamedhuriwa na maji machafu, magari, moto, moshi, au vyumba visivyopitisha hewa.

Kwa hivyo anayetaka kujua usalama wa mtaa hana budi kujiuliza maswali mawili. Kwanza, ni kitu gani hapa kinachoweza kunidhuru mimi na watoto wangu? Pili, mmoja wetu akiugua saa nane za usiku, tutafikaje hospitalini?

Maswali hayo yaulizwe mapema. Kwa kawaida mpangaji wa Nairobi hutakiwa kulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana kabla ya kupewa ufunguo. Kwa mtu wa mshahara mdogo, hizo huwa ndizo pesa zote alizo nazo. Akigundua kasoro wiki ya pili, hana uwezo wa kuhama tena.

Namna ya kuuliza

Daktari hamuulizi mgonjwa, "Je, u mzima?" Humuuliza maumivu yalianza lini, yako wapi na huzidi wakati gani. Vivyo hivyo, ukimuuliza wakala wa nyumba kama mtaa una usalama, atakujibu kwamba upo, maana yeye hulipwa ukikubali kukodi. Muulize hivi: ni lini mara ya mwisho mtu kuibiwa katika ploti hii? Ilikuwa saa ngapi na mahali gani? Mpangaji aliyetoka katika chumba hiki alihama kwa nini?

Kisha waulize wasiopata faida yoyote kwa kuhamia kwako: mama anayeuza mboga, fundi wa viatu, wahudumu wa bodaboda na wapangaji wanaoanika nguo. Mwanamke na awaulize wanawake wenzake, kwani njia ambayo mwanamume huipita bila wasiwasi huenda mwanamke asithubutu kuipita jioni. Angalia pia maduka. Mwenye duka anayewauzia wateja kupitia wavu wa chuma mchana, na kufunga kabla ya giza kuingia, amekwisha kukujibu.

Utembelee mtaa mara tatu: alfajiri, usiku mwendo wa saa tatu siku ya kazi, na baada ya mvua kubwa. Shuka kwenye steji utakayoitumia, utembee kwa miguu hadi mlangoni. Hesabu dakika unazotumia na taa zinazowaka njiani. Ukiogopa kwenda usiku peke yako, nenda na jamaa yako, lakini ukumbuke kwamba ukihamia huko utaipita njia hiyo peke yako kila jioni.

Maji na majitaka

Fungua mfereji wewe mwenyewe. Uliza maji huja siku ngapi kwa wiki, na yasipokuja watu hununua wapi. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu. Maji yanapokatwa, mabomba hubaki matupu, na bomba lililotoboka likipita ndani ya mtaro hufyonza uchafu. Maji yakirudi, uchafu huo huingia jikoni. Hiyo ni mojawapo ya njia ambazo homa ya matumbo na kipindupindu huenea mjini. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini mnamo Oktoba 2022 uliendelea hadi mwaka uliofuata na kufika Nairobi pia.

Fuata majitaka ya ploti uone yanakoelekea. Yakimwagika uchochoroni ambako watoto hucheza, usidanganywe na rangi mpya ya ukuta. Tazama pia sehemu ya chini ya kuta za majirani. Ukiona mstari wa matope uliokauka, fahamu kwamba maji ya mafuriko yalifika hapo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na miongoni mwa walioathirika vibaya ni wakazi wa kando ya Mto Mathare. Mto hurudi katika njia yake hata kama pamejengwa nyumba.

Jengo lenyewe

Mnamo Aprili 29, 2016, jengo la orofa sita liliporomoka Huruma wakati wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa karibu na mto. Mtu asiye mhandisi hawezi kupima uimara wa jengo, lakini kuna ishara ambazo kila mtu anaweza kuziona: nyufa pana zinazokata ukuta kwa mshazari, nguzo zilizomeguka hadi vyuma kuonekana, milango ambayo ghafla haifungiki, na maji yanayotuama kwenye msingi siku zote. Ukiziona, usilipe.

Panda ngazi hadi chumba unachoonyeshwa. Je, kuna ngazi ya pili? Je, vyuma vya dirisha vinaweza kufunguliwa kutoka ndani? Vyuma vilivyowekwa kuzuia wezi vimewahi kuwazuia wenyeji kukimbia moto. Uliza gari la zimamoto litapita wapi. Kama uchochoro haupitishi hata mkokoteni, jibu unalo.

Zunguka ploti uone majirani wanafanya biashara gani. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka katika kituo kimoja cha kujazia mitungi huko Embakasi, katikati ya makazi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Kabla ya hapo, mnamo Septemba 12, 2011, mafuta yaliyovuja kutoka katika bomba yaliwaka moto katika kijiji cha Sinai, karibu na eneo la viwanda, na kuteketeza watu wengi. Nyumba iliyo karibu na bomba la mafuta, au na mahali ambapo gesi hujazwa kwa siri usiku, haina bei nafuu.

Ndani ya chumba, zima taa mchana. Ukishindwa kusoma gazeti, chumba hicho ni kiza mno. Viini vya kifua kikuu hukaa hewani kwa saa nyingi mahali pasipo na upepo, lakini jua na hewa safi huvipunguza. Mtoto anayeshinda gizani hukosa vitamini D, na mifupa yake huweza kupinda. Katika chumba cha namna hiyo jiko la makaa ni hatari zaidi, kwa kuwa gesi yake ya kaboni monoksidi huua watu usingizini bila kutoa harufu.

Viwanda na majaa

Hatari nyingine haionekani wala haiumi kwa miaka mingi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi madini ya risasi katika udongo na damu. Mnamo Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hapa Nairobi, uchunguzi uliotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira mwaka wa 2007 ulihusu watoto 328 walioishi au kusoma karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi kinachokubalika. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto unaoendelea kukua, na akili iliyopotea haiwezi kurejeshwa kwa dawa. Ukinusa moshi usio wa jikoni, uliza unatoka wapi.

Barabara na hospitali

Hapa Kenya, watembeao kwa miguu ndio wengi zaidi kati ya wanaouawa barabarani. Kabla ya kukubali nyumba, tembea njia ambayo mtoto wako ataifuata kwenda shuleni. Kama ni lazima avuke barabara kuu, kivuko cha juu kiko umbali gani? Kikiwa mbali, watu watavuka chini, naye atawafuata.

Mwisho, pima safari ya usiku. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa mbili. Mtoto mwenye malaria kali, au anayepumua kwa shida, hawezi kungojeshwa hadi mapambazuko. Hata hivyo, kuna mitaa ambako wagonjwa husubiri kuche kwa sababu lango limefungwa na keateka amelala kwingine, au kwa sababu hakuna dereva anayekubali kuingia humo usiku. Uliza nani ana ufunguo wa lango. Uliza kituo cha afya cha karibu hufunga saa ngapi, na ni hospitali gani hufanya upasuaji usiku kucha. Weka nambari za madereva wawili wanaoaminika, pamoja na nambari za dharura 999 na 112. Fahamu pia kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema kuwa hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Asiye na uwezo wa kuchagua

Wasomaji wengi watasema, "Daktari, mimi huenda ninakowezana na kodi." Ni kweli. Lakini hata katika mtaa mmoja, kwa kodi ile ile, kuna chumba chenye dirisha na kisicho nacho, kuna ploti iliyo mbali na mto na iliyo ukingoni. Chagua iliyo afadhali. Kisha punguza hatari zilizobaki: chemsha maji ya kunywa au uyatie dawa ya klorini, toa jiko la makaa nje kabla ya kulala, dai ufunguo wako wa lango, na ujuane na majirani wako mapema. Usiku wa shida, jirani ndiye atakayekusaidia kumbeba mgonjwa hadi kwenye gari.

Uchunguzi huu wote utakuchukua siku mbili au tatu na nauli ya matatu. Ufanye pesa zikiwa bado mfukoni mwako, maana ukishazitoa utakuwa umechelewa.